Mbaazi za Mama na Chupa ya Yurea

Nilipomaliza chuo kikuu na shahada ya kemia, niliajiriwa kwa majaribio katika maabara ndogo karibu na Kilindini. Ripoti yangu ya kwanza ndiyo ingeamua kama nibaki au niondoke. Nilitakiwa kuonyesha jinsi yurea, kemikali ileile ya mbolea, inavyoikunjua protini ya mbaazi ndani ya maji. Protini hiyo imejizungusha kama kilemba kichwani. Yurea hukilegeza, na maji yenye vilemba vilivyofunguka hupita polepole zaidi katika mrija mwembamba wa kioo. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu sekunde.

Sekunde hazikubadilika. Bila yurea maji yalipita polepole. Nikitia yurea, polepole vilevile. Nikaushuku mrija, nikaishuku yurea, nikaishuku shahada yangu. Jioni moja nilitoka kazini nikidhani nimegundua jambo jipya duniani. Kufika Makadara nilikuwa nimeshajiona mjinga tena. Hatimaye niliandika kwamba mbaazi haziathiriwi na yurea, nikaikabidhi ripoti.

Asubuhi ya pili nilimkuta mama jikoni, nyumbani kwetu Mji wa Kale, akiloweka mbaazi. Zile za maabara pia alinipa yeye. Nikamwona anatia magadi.

"Na zile zangu, mama?"

"Nazo nilizitia, maganda yatoke upesi. Kisha nikazianika. Si ulisema wataka kuzisaga? Nilikupunguzia kazi, babangu."

Basi vilemba vilikwisha kufunguliwa na magadi. Yurea haikukuta cha kufungua.

Njia nzima hadi Kilindini nilitunga maneno na kuyafuta. Nisingesema, hakuna ambaye angejua. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikamweleza yote mkuu wa maabara, hata nilivyowaza kunyamaza, jambo ambalo hakuniuliza.

"Kumbe mkemia wa nyumbani kwenu ni mama," akasema, akanirudishia ripoti. "Nakupa mwezi mmoja. Na mbaazi ukanunue mwenyewe."

Dukani Tononoka niliuliza kama zimelowekwa, zimetiwa dawa, zimeanikwa wapi, na nani. Mwenye duka akaweka kibaba chini.

"Bwana we, wanunua mbaazi ama waposa?"

Safari hii kila nilipoongeza yurea, sekunde ziliongezeka. Nilipima mara tisa bila kuamini. Ya kumi aliipima mkuu mwenyewe, kisha akaitisha kalamu atie sahihi nibaki.