Chuma Tumboni, Reli Mbele

Reli ya Korogwe ina sumaku. Hilo nililiamini tangu nikiwa mtoto wa Chanika, Handeni, ambako reli yenyewe hatuna, na kitu usichokuwa nacho ndicho unachokijua kuliko wenyewe. Tuliambiwa kwamba fundi viatu mmoja, mwenye tabia ya kubana misumari midomoni, alipiga chafya akaimeza, kisha akaenda Korogwe kumsalimia dada yake. Alipofika katikati ya reli, tumbo likavutwa chini, pwa! Akanata kifudifudi kama stempu kwenye bahasha. Mtaa mzima ulimvuta, hakubanduka. Aliyembandua ni dereva wa treni, kwa grisi ya kopo zima.

Mtu atasema, "Lakini wewe umesoma." Nimesoma, tena kwa jasho. Kidato cha nne nilikimaliza ukubwani, kwenye masomo ya jioni, nikitoka shambani na tope miguuni. Ila somo la sumaku liliangukia jioni ambayo umeme ulikatika, mwalimu akatuambia tukajisomee nyumbani. Nyumbani nako umeme ulikuwa umekatika. Kwa hiyo nilihitimu nikiwa na cheti mkononi na yule fundi viatu kichwani.

Baada ya cheti nikataka na meno. Ya kwangu ya mbele yalikaa kama mahindi yaliyopandwa na mlevi: moja linatazama Tanga, jingine linatazama Kilindi. Daktari wa meno mmoja pale Korogwe, dada mpole asiyecheka ovyo, akanifunga waya. Kila jino aliligandishia kipande kidogo cha chuma, kisha waya mwembamba ukapita kwenye vipande vyote kama kamba ya kuanikia nguo. Akanipa na masharti: nisitafune miwa, wala mifupa, wala hindi la kuchoma. Kumkataza Mzigua hindi la kuchoma ni sawa na kumkataza kuku kudonoa, lakini niliitikia.

Sasa ikaja siku ya kwenda Makuyuni, ukweni. Posa ilikuwa imeshapelekwa na wazee wangu. Siku hiyo niliitwa mwenyewe nionekane, nile, na baada ya alasiri watoe jibu. Baba wa mchumba wangu alikwishafariki, hivyo neno la mwisho lilikuwa la mama, na mama hakuwa amesema lolote. Mimi aliniita "mgeni". Karibu mgeni. Mgeni akae kivulini. Mgeni apewe maji.

"Siku akikuita mkwe," mchumba wangu aliniambia, "ujue limekwisha."

Chakula kilikuwa bado jikoni. Mama akatoka na hindi la kuchoma, la shambani kwake, amelitoa kwenye makaa kwa mkono wake mwenyewe.

"Mgeni, utulize njaa."

Nikatae chakula ukweni? Tena mbele ya mwenye neno la mwisho? Mchumba wangu alinikonyeza mpaka nikahofia jicho litamdondoka. Nikauma.

Kak!

Ulimi ukazunguka kinywani kama askari wa doria. Jino la nyuma liko uchi. Kipande hakipo kwenye hindi, hakipo mkekani, hakipo popote. Nilikuwa nimeshakimeza. Kipande chenyewe ni kama punje ya mchele, lakini mimi nilikisikia kikishuka kama nati ya trekta, kikigonga kila ubavu kilioupitia.

"Vipi, mgeni?"

"Nimemeza chuma, mama."

Wa kwanza kusema ni mjomba wa mchumba wangu, Msambaa mwenye ulimi wake. "Nilijua Wazigua wanakula sana, ila sikujua kwamba wanakula na vyombo! Mleteeni na jembe ateremshie!"

Mama hakucheka. Aliagiza ugali wa moto ili nimeze tonge kubwa bila kutafuna, kama anavyofanyiwa mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Mjomba naye akataka maji ya chumvi nitapike. Kabla hawajakubaliana waniue kwa njia ipi, mchumba wangu alikuwa ameshampigia simu daktari na kuweka sauti ya nje.

"Anapumua vizuri?" daktari aliuliza.

"Anapumua kuliko sisi wote," mjomba akajibu.

"Kifua kinabana? Mate yanapita? Ametema damu? Amekohoa?"

"Alikohoa kidogo mwanzoni," alisema mchumba wangu.

"Basi asitapishwe. Kikirudi juu kinaweza kuingia njia ya hewa. Wala asimezeshwe tonge, hicho si mwiba. Mleteni sasa hivi nihakikishe hakikwenda kifuani, na waya uliobaki usije ukamchoma shavu. Akianza kuhema kwa shida njiani, msije kwangu, mpelekeni hospitali moja kwa moja."

Mama akajitupia kanga mabegani. "Amemezea kwangu. Nakwenda naye."

Tukapanda bajaji, mchumba wangu akakaa katikati kwa adabu, nami nikashika tumbo kama nimebeba mayai. Nilikuwa nimefikiria kila kitu: kifo, mazishi, nani atarithi baiskeli yangu. Kitu kimoja tu nilikisahau, kwamba daktari yuko ng'ambo ya reli. Nilikumbuka bajaji ilipopunguza mwendo na nikaviona vile vyuma viwili vinameremeta juani, vinanisubiri mimi. Chuma cha mdomoni nilikuwa nimeshakivusha pale kwa kufumba midomo, lakini cha tumboni, kama cha fundi viatu, ningekifumbia nini?

"Simama!" Nikashuka.

"Unakwenda wapi?" mchumba wangu akauliza.

"Nazunguka."

"Unazungukia wapi? Reli inatoka Tanga!"

"Basi nitazungukia Tanga."

"Daktari yule pale! Bati lake naliona!"

Hata mimi nililiona. Na niliona vilevile kwamba nikirudi nyuma, nitakuwa mwanamume aliyeshindwa na njia mbele ya mama mkwe ambaye bado hajasema neno. Nikivuka, nitanata. Ikabidi niseme. Nikamsimulia mama habari ya fundi viatu yote, chafya, misumari, dada yake, hadi grisi. Mchumba wangu akafunika uso kwa mikono miwili. Dereva wa bajaji akazima injini ili asikie vizuri.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema ni kweli, hakusema ni uongo. Aliitazama reli, akalitazama tumbo langu.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Wanasalimiana kwa mbali, macho chini. Basi mama akaivua ile kanga ya mabegani, akashika pindo moja, jingine akanitupia.

"Jifunge mkononi," alisema. "Kama inavuta, itatuvuta wote wawili. Haya, twende, mkwe wangu."

Mchumba wangu akaondoa mikono usoni.

Nilivuka. Msiniulize nilivukaje. Nilipokanyaga chuma cha kwanza, nilikisikia kile kipande kinageuka tumboni kutazama chini. Kwenye cha pili magoti yaliniwia mazito kama magunia ya mahindi mabichi. Mama alivuta kanga kama anayevuta ng'ombe asiyetaka josho, na bajaji nyuma yetu ikipiga honi kama harusi. Kwa kweli ilikuwa karibu iwe harusi.

Daktari akampa mama shikamoo, akanilaza kwenye kile kiti chake. Alinichungulia koo, akanisikiliza kifua, kisha akanipeleka kupiga picha kwenye chumba cha pili. Kwenye picha kilionekana: kinukta cheupe, kimetulia tumboni kama mpangaji aliyelipa. Akakata ncha ya waya iliyokuwa inaning'inia.

"Kitatoka chenyewe kwa njia ya choo, siku chache tu," alisema. "Kula kama kawaida, kunywa maji. Tumbo likiuma sana, ukitapika au ukiona damu, usingoje, nenda hospitali. Baada ya hapo uje nikubandikie kingine. Na hindi, kaka, si tulikubaliana?"

"Hindi nilimpa mimi," mama akasema. Akanigeukia. "Ungeniambia tu, mkwe. Ningekuchemshia uji."

Mara ya pili hiyo. Mchumba wangu alitazama dirishani, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Mimi bado nilikuwa na jambo moja. "Daktari, kurudi Makuyuni hakuna njia isiyopita kwenye reli? Maana mara ya kwanza nimebahatika tu."

Daktari aliitazama kanga, ambayo bado ilikuwa imefungwa kwenye kifundo cha mkono wangu. "Kwani reli ina nini?"

Mama ndiye aliyemweleza. Alieleza vizuri kuliko mimi, hata dada wa fundi viatu akamwongezea watoto. Daktari alisikiliza hadi kwenye grisi, akavua glavu zake taratibu.

"Reli haina sumaku, kaka," alisema. "Ni chuma tu. Ingekuwa na sumaku, treni ingeondokaje?"