Tumbo la Mbwa wa Fundi Cherehani

Mama yake humtambulisha kwa wageni kama "binti yangu daktari," kisha hubadilisha mazungumzo kabla hawajauliza wa nini. Ni daktari wa mifugo, na mifugo yenyewe, katika mtaa ule wa maghorofa, ni mbwa, paka na kasuku mmoja mwenye matusi.

Asubuhi moja aliingia fundi cherehani mstaafu, amembeba mbwa wake mzee kifuani kama mtoto. Mbwa alikuwa akitapika damu.

"Kalishwa sumu," fundi alisema akihema. "Na aliyemlisha namjua. Jirani yangu. Yupo hapo nje, kwenye benchi."

"Mbona umekuja naye?"

"Ana gari."

Daktari hakucheka, alikuwa na kazi. Alimnyoa mbwa tumbo, akampaka jeli, akaanza kupitisha kifaa cha altrasaundi taratibu. Mashine hiyo haitaji sumu kwa jina. Huonyesha palipoumia tu. Mengine huulizwa mwenye mbwa. Naye huuliza macho yakiwa kwenye skrini, maana watu wakitazamwa usoni hudanganya kwa adabu.

Ini lilikuwa salama. Hapakuwa na damu iliyovujia ndani, kama sumu ya panya inavyofanya mara nyingi. Lakini ukuta wa tumbo la chakula ulikuwa umevimba, na mahali pamoja umechimbika.

"Mzee wangu, siku hizi anatembeaje?"

"Vizuri mno! Alikuwa anachechemea kama mimi. Tangu nianze kumgawia vidonge vyangu vya magoti, ngazi anapanda mbio. Hata kikibaki kimoja, nampa yeye."

Daktari alikisimamisha kifaa pale palipochimbika. Fundi akaitazama skrini, asiielewe. Akamtazama daktari, akaelewa.

"Nimemuua, mwanangu?"

"Bado. Hapajatoboka. Vidonge vya watu huchubua tumbo la mbwa. Namtia dripu sasa hivi, na dawa ya vidonda. Siwezi kukuahidi kitu, lakini figo sizioni kuharibika."

Alikuwa na mawaidha zaidi, ila mzee alishainama, anamwomba mbwa radhi sikioni. Daktari akatafuta mshipa.

Baadaye fundi alitoka nje, akauacha mlango wazi.

"Jirani, ni mimi niliyempa."

"Na maneno yote yale, tena ndani ya gari langu?"

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Ningetaka kumlisha mtu sumu pale kwetu, ningeanza na wewe. Mbwa ana adabu zake." Jirani akasogea, benchi likalia. "Atapona?"

"Daktari hajui bado."

"Basi kaa. Tusubiri."