Picha ya Vipande Ndani ya Pakiti ya Bisi

Msiniambie niliota. Sikulala mchana ule. Nilikuwa barazani kwangu hapa Murusagamba, nachambua maharage, mvua inanyesha, na mjukuu wangu Koletha kando yangu.

Akaingia mwanamke nisiyemjua, kikapu kichwani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mvua itakumaliza."

Lakini kitenge chake kilikuwa kikavu. Niliona, nikamsogezea mkeka. Mgeni utamuulizaje kwa nini hakulowa?

Akatoa pakiti ya bisi tamu, zile za zamani zenye zawadi ndani. Wanangu walizigombania walipokuwa wadogo. Siku hizi hakuna duka linaloziuza. Akampa Koletha. Kwetu anayetoa chakula huonja kwanza, nikamwambia, "Onja wewe."

Akacheka. "Mama, umeniona mchawi?"

"Bado sijakuona. Onja."

Akatafuna, akameza. Nikaridhika. Na zawadi je? Nani huonja plastiki?

Ilikuwa picha ndogo ya vipande, unavisukuma kwa kidole mpaka sura itimie. Koletha akaanza kusukuma. Mtoto huyo hatulii hata kanisani, lakini sasa kimya. Nikafurahi, nikarudi kwenye maharage yangu.

"Koletha, lete ungo."

Kimya. Nikaita tena. Akaitika yule mwanamke: "Abee, bibi." Kwa sauti ya mjukuu wangu! Niamini.

Nikainama kutazama ile picha. Alikuwa Koletha mwenyewe, hadi kovu la kidevuni. Kipande kimoja tu kilikuwa bado hakijafika mahali pake, cha jicho la kushoto. Nikamtazama mtoto: macho wazi, hapumui, kidole kinasukuma.

"Mwache amalize," mgeni akasema, kwa sauti ile ile.

Nikampokonya mtoto ile picha, nikaibamiza kwenye jiwe la kusagia. Vipande vikatawanyika. Koletha akavuta pumzi, akaangua kilio. Nilipogeuka mgeni hayupo, na matope ya uani hayana unyayo.

Vipande nilivichoma. Cha jicho hatukukiona, hata tulipoinua mikeka yote.

Mtoto yu hai, anasoma, anacheka. Ila akilia, jicho la kushoto halitoi chozi. Padri amemwombea, zahanati wamemmulika kwa tochi. Bado vile vile.

Sikiliza basi, wewe mwenye wajukuu. Mtoto akitulia kupita kawaida yake, usishukuru kwamba umepata nafasi ya kufanya kazi. Mwite jina. Asipoitika, usimwite mara ya pili. Inuka.