Mume wangu alibadilishiwa operesheni ya unene miaka ya sitini, mimi nikaambiwa namlisha sumu

Wakuu wa jukwaa hili, asalaam aleikum.

Wengi wenu nawazidi umri, ila nitawaita wakuu kwa sababu naona ndiyo adabu ya humu. Mjukuu wangu ndiye aliyeniwekea hii kitu kwenye simu. Yeye ananitania eti nimekuwa mtu wa mitandao.

Kuna uzi nimeusoma wiki hii. Mwenzetu anauliza kama ni salama kutoka operesheni ya sleeve, ile ya kukatwa tumbo libaki dogo, kwenda bypass, ile ya kuungiwa utumbo njia ya mkato, maana ile ya kwanza imemletea taabu. Nikasoma majibu yote, nikaona mnaongea kama mambo haya yameanza juzi.

Hayakuanza juzi.

Nitakayoandika niliyaona mwenyewe. Pale nisipoona nitasema sikuona. Asiyetaka kuamini asiamini, nimeshazoea kutoaminiwa.

Miaka ya sitini, Uhuru ungali mpya, tulikuwa tukikaa Mombasa, Mji wa Kale, ghorofani, nyumba ya pili kutoka barabara ya Ndia Kuu. Mume wangu nilimwita Baba Rukia kwa jina la binti yetu. Alikuwa mfanyabiashara wa buni na mbata, duka chini ya nyumba na godauni kule Shimanzi.

Alikuwa mnene. Sisemi kitambi, nasema mnene. Ngazi zetu alikuwa akizipanda kwa kituo, katikati anakaa, anapumua, anasingizia kuwa anatafuta tasbihi mfukoni.

Sasa nyinyi vijana mtashangaa. Wakati ule mjini kwetu mwanamume mnene hakuwa mgonjwa, alikuwa mtu aliyeneemeka. Mke wake alisifiwa kwa mkono mzuri. Mimi nilisifiwa mno.

Akasafiri kwenda Ulaya kwa shughuli za buni. Alikawia. Aliporudi alikuwa amepungua na tumboni ana kovu refu, limeshuka katikati mpaka kitovuni.

Nikamuuliza. Akasema, "Mawe ya figo. Yametolewa, alhamdulillahi."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini?

Mwanzoni nilifurahi. Ngazi alizipanda moja kwa moja. Kanzu zilimpwaya, fundi akazipunguza, zikampwaya tena, akazipunguza tena.

Halafu nikaanza kuona mambo.

Mtu anakula, hajanawa mikono keshakwenda chooni. Anarudi, anakaa, anakwenda tena. Harufu yake sitaieleza, humu kuna watu wanakula. Msikitini akaacha kusali jamaa, akasema ana shughuli. Mchana akaacha kula nyumbani. Na kila siku yuko Shimanzi, mpaka Ijumaa godauni imefungwa.

Wakuu, mwanamke anapomwona mume amepungua, kanzu zake zimekatwa upya na chakula cha nyumbani hali, atafikiri nini? Nilifikiri ana mke mwingine. Nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimeshampa hata sura huyo mwanamke, na alikuwa mbaya.

Ijumaa moja nikavaa buibui langu nikaenda Shimanzi. Malori yananipigia honi, mimi sioni sisikii. Nikaingia godauni kwa mlango wa nyuma, nimeshapanga maneno yote.

Mke sikumkuta. Nilikuta kiti, na birika la maji, vimewekwa mlangoni mwa choo. Na mume wangu ndani, anaugua peke yake.

Alipotoka akaniona. Hakuniuliza nimefika vipi. Akasema tu, "Tumbo la kuendesha. Usimwambie Zuhura."

Zuhura ni dada yake mkubwa, mjane, nyumba yake haikuwa mbali na yetu. Ndiye aliyemlea walipofiwa na mama yao. Nilimheshimu, na sikumpenda, na yeye vivyo hivyo kwangu, ukiondoa heshima.

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Bi Zuhura alikuwa na macho.

Alikuja siku moja mchana, akamtazama nduguye namna mifupa ya mashavu ilivyotoka, kisha akanigeukia mimi mbele yake.

"Wamlisha nini ndugu yangu?"

"Chakula, wifi. Kile kile cha siku zote."

"Cha siku zote kilimnenepesha. Hiki chamtafuna. Mtu yuwaisha mbele ya mato yetu, nawe wasema chakula?"

Nikamtazama mume wangu aseme neno. Akaangalia chini. Nilidhani ni maradhi yamemnyamazisha.

Kuanzia hapo Bi Zuhura akamchukua kwake. Akasema mpaka atakapopona hatii mdomoni kitu nilichokigusa mimi. Akampikia kwa mapenzi yote, na mapenzi ya Bi Zuhura yalikuwa ni samli. Nyama imeogelea samli, mkate wa kumimina, halwa juu yake. Baba Rukia akazidi kwisha.

Akaletwa mwalimu. Akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, akanyweshwa. Wa pwani mnajua, hilo ndilo kombe, na sina neno nalo, nimelinywa mimi mwenyewe. Lakini Baba Rukia chochote alichokunywa wakati ule kilipita mbio. Akakimbilia chooni.

Bi Zuhura akapiga kigelegele. Latoka! Kile alicholishwa chatoka!

Basi kila alipokwenda chooni wao wakawa wanashukuru. Nilikwenda kumwona nikakuta shangwe, na mtu mwenyewe ameshikilia ukuta asianguke.

Mji wa Kale ni mji wa vichochoro vyembamba. Neno likitamkwa dirisha hili linadakwa dirisha la pili. Ramadhani ilipoingia nikapika futari, nikapeleka kwa jirani kama kila mwaka. Desturi yetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, inatiwa kitu kidogo, walau tende.

Sahani zangu zilirudi na futari yangu mwenyewe ndani, imepoa.

Sitasahau. Nilizifunika tena na kawa nikakaa jikoni nikalia.

Nami nikaanza kumshuku kila mtu. Nilimshuku Bi Zuhura kuwa ndiye anayemlisha kitu ili aniharibie jina. Nilimshuku mwalimu. Nilifika mahali nikajishuku mwenyewe, nikamwaga bizari zote za jikoni nikanunua nyingine.

Baada ya Idi kukatokea msiba kwa jamaa zao, Bi Zuhura akaenda kukaa matanga. Nikaenda kumwona mume wangu. Nilimkuta sakafuni, vidole vimekakamaa, hawezi kuvikunjua. Macho yake jioni yalikuwa yameanza kutoona vizuri, aliniita jina la dadake.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Nikaita teksi, nikasaidiwa na dereva kumshusha, nikampeleka kwa daktari mmoja wa Kigoa aliyekuwa na zahanati yake mjini. Mtu mpole, mwenye maswali mengi.

Alimtia dripu, kisha akalitazama lile kovu.

"Hili la nini?"

"Mawe ya figo," akajibu Baba Rukia.

"Figo ziko nyuma, mzee. Mbona wamekupasua mbele?"

Baba Rukia akavuta shuka akalifunika kovu.

Siku ya pili akanyweshwa dawa nyeupe nzito kama chokaa, akapigwa eksirei. Daktari akaniita nitazame ile picha. Mimi nini nijuacho kuhusu picha? Akanionyesha kwa kalamu. Ile dawa ilikuwa imetoka tumboni na mara imeshaingia kwenye utumbo mpana. Katikati, palipotakiwa kuwa na utumbo mwembamba uliojizongazonga, hamna kitu.

Akamgeukia mume wangu. "Sema wewe, au niseme mimi?"

Ndipo akasema. Hakuwahi kuwa na mawe. Kule Ulaya alimpata daktari aliyekuwa akipunguza watu unene kwa kisu. Alimkata utumbo mwembamba karibu na mwanzo, akauunga moja kwa moja kwenye utumbo mpana, ili chakula kipite kisinyonywe. Aliona haya kusema. Mwanamume mzima amekwenda kupasuliwa kwa sababu ya kula.

Wakuu, nilimtazama sana.

Huyu mtu alikuwapo nilipoulizwa namlisha nini. Alikuwapo kwenye kombe. Alijua! Angesema neno moja tu. Aliona bora mimi niitwe mchawi kuliko yeye achekwe barazani.

Daktari akatueleza kwamba operesheni ya namna ile waliokuwa wakiifanya wenyewe wameanza kuiacha, imewadhuru wengi. Chumvi za mwili zinamwagika zote, ndiyo maana vidole vinakakamaa. Na ile samli ya Bi Zuhura ndiyo ilikuwa ikimmaliza upesi. Njia zilikuwa mbili: kurudisha kila kitu kama Mungu alivyokiumba, au kubadilisha, yaani ile sehemu iliyoungwa kwenye utumbo mpana ifunguliwe, iungwe kwenye kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba. Chakula kingepata mahali pa kunyonywa kidogo.

Mimi nikasema arudishiwe vyote.

Baba Rukia, hawezi hata kuinua kikombe, akasema, "Sirudi unene. Nibadilishwe."

Nikamuuliza daktari: waliokosea mara ya kwanza ndio hao hao watakaokata mara ya pili? Wanajuaje kwamba hii nayo hawataiacha mwakani? Naye akanijibu kwa uaminifu kwamba hawajui. Akasema ni afadhali kuliko alivyo, na alivyo hamalizi mwaka.

Lilikuwa hivyo tu. Asiposafiri atakufa, na akifa mimi ndiye niliyemuua, na Rukia atakua akiitwa mtoto wa muuaji. Kusafiri peke yake hawezi. Lazima niende naye.

Nikamwambia, "Nitakwenda. Lakini kwanza utamwambia dada yako kwa mdomo wako."

Tukakaa sebuleni kwa Bi Zuhura. Akasema yote, wakuu, sitamnyima haki yake. Alifungua kanzu akaonyesha kovu. Alisema, mke wangu hana kosa, nilikatwa kwa hiari yangu, niliwaficha.

Nikashusha pumzi. Nilihisi kama nimetua gunia.

Bi Zuhura alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akanitazama mimi, si yeye.

"Mashallah. Kumbe wafika hadi hapa? Wamtia na maneno kinywani?"

Nikamwonyesha lile kovu tena kwa kidole.

"Ndugu yangu simjui mimi? Ajikatishe matumbo kwa kuona haya unene wakwe? Mtu mzima mwenye akili afanya hayo? Hii ndiyo limbwata yenyewe. Mtu humtetea amuuaye."

Mnaona? Ukweli ulipokuja ukawa ushahidi juu yangu. Angeendelea kunyamaza ningekuwa mshukiwa, aliponitetea nikawa mchawi kamili.

Tukasafiri bila baraka yake. Gari moshi mpaka Nairobi, kisha ndege kwenda Ulaya, mara yangu ya kwanza, na sikumbuki chochote isipokuwa kumshika mkono nikihesabu pumzi zake. Huko hospitalini walimtia maji na chumvi kwanza mpaka akapata nguvu ya kukatwa. Operesheni sikuiona. Niliona alivyotoka, na niliona siku alipokula ndizi ikakaa.

Aliendelea kuharisha, nisiwadanganye, lakini kwa kiasi cha mtu kuweza kuishi. Aliongezeka mwili. Macho yakarudi. Huyo anayeuliza hapa kama kubadilisha kunasaidia, kwa mume wangu kulisaidia, na mpaka alipofariki akiwa mzee alikuwa akimeza vidonge vyake vya chumvi na kuogopa samli.

Tuliporudi, jamaa wakaja kumpa mkono wa afya. Bi Zuhura naye akaja, akakaa pembeni, ameshika mtandio.

Nikaona hii ndiyo siku yangu. Nikampikia Baba Rukia kwa mkono wangu: wali mkavu, samaki wa kuchoma, mchuzi hauna mafuta. Nikaweka sinia mbele yake, watu wote wanatazama.

Kwetu mwenye nyumba ndiye anayetia mkono kwanza. Sisi wanawake tunakula baadaye, jikoni, na tangu anioe haikuwa vingine.

Akanawa. Akasema bismillahi. Mkono ukafika juu ya wali, ukasimama.

Kisha akaniangalia, anatabasamu, akasema, "Anza wewe, Mama Rukia."

Watu wakacheka. Bi Zuhura hakucheka.

Nikapiga goti, nikamega tonge, nikachovya mchuzi, nikala. Nikameza. Akaningoja kidogo, ndipo naye akala.

Funzo langu kwa yule kijana wa sleeve na bypass: muulize daktari maswali yote, hata yale anayoyakasirikia. Na kabla hujalala kwenye kitanda cha operesheni, waambie watu wa nyumbani kwako unakatwa nini na kwa nini. Usije ukawaachia wengine wabebe siri ya tumbo lako.

Sasa na mimi nawauliza, maana tuliishi naye miaka mingi baada ya hapo na swali hili sikuthubutu kumpa. Yeye ndiye mtu pekee aliyejua toka mwanzo kwamba sikumlisha kitu.

Wanaume mliomo humu, nijibuni kwa haki. Siku ile ya sinia, alikuwa ananitania?