Redio ya Nassibu na Ganda la Fundi Albano

Kumepambazuka Tandika, wilayani Temeke, na jua bado halijapata nguvu. Fundi Albano Komba amepiga magoti kwenye kiti cha mbele cha Corolla nyeupe, milango yote wazi, anapaka nta ya sakafu kwenye dashibodi kwa kipande cha kanga kuukuu. Anapaka, anafuta, anapaka tena. Nje ya gari amesimama mwenye gari, dereva wa teksi Nassibu, mikono nyuma kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Fundi, shikamoo tena. Hiyo nta haijatosha tu?"

"Marahaba tena. Haijatosha. Kaa kivulini huko."

Nassibu ana haki ya kuuliza. Gari hili limewahi kuumizwa na mikono hii hii.

Kazi ya Albano ni kutengeneza maganda ya faiba ya kuwekea redio za kaseti za magari. Ganda linachomekwa kwenye dashibodi asubuhi. Jioni dereva analichomoa na redio yake ndani, analitia kwapani, anaondoka. Tangu magari ya mitumba yaanze kumiminika bandarini, redio zimejaa mjini, na wezi wa redio nao hawako nyuma.

Nassibu ameshaibiwa mbili. Ya tatu aliinunua kwa shilingi elfu thelathini na tano, zaidi ya anachobakiza kwa mwezi mzima, akaapa kuilinda mwenyewe. Akahamia kwenye gari.

"Mwezi wa tatu huu nalala kiti cha nyuma," anasema. "Abiria wangu wanataka taarabu, bwana. Wakikuta gari kimya wanapanda la mwenzangu. Ila mama watoto, Rukaiya, kachoka. Kaniambia nichague moja, na nikichagua gari ataniletea na begi la nguo."

Anatania? anaulizwa.

"Rukaiya? Begi lishashushwa kabatini."

Albano, mwenye miaka arobaini na sita, ni mzaliwa wa Songea. Alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akaajiriwa kwenye karakana ya boti za faiba pwani ya Msasani. Karakana ilipopata mwenye mali mpya, wafanyakazi wengi walipunguzwa, naye akiwamo. Alirudi nyumbani na brashi zake, msasa na ufundi alioupenda kuliko kitu chochote.

Ufundi huo ndio uliomponza. Kwenye boti, kabla ya kutandaza mkeka wa faiba na kuumwagia dawa ya maji ya kuugandisha, unakwaruza kwanza kwa msasa ili dawa ing'ate. "Kiraka kikibanduka baharini watu wanakufa," anasema. "Mie mkono wangu umezoea. Ukiona kitu kinateleza, unakikwaruza."

Basi Nassibu alipomletea gari mara ya kwanza, Albano alitaka ganda lifuate umbo la dashibodi sawasawa, akaamua kulifinyangia juu yake papo hapo. Akachukua msasa, akakwaruza kwa moyo wote. Akatandaza faiba, akapaka dawa. Ilipokauka wakavuta. Halikusogea. Ikaja bisibisi, ikaja tindo. Mwishowe ganda lilitoka na kipande cha dashibodi kikubwa kama sahani.

"Nilitamani ardhi inimeze," anakumbuka Albano.

Nassibu, ambaye kijiweni kwake hakuna anayemaliza sentensi akiwepo, siku hiyo aliokota tu kile kipande, akakiweka kitini. Alifunga mlango polepole, akaondoka. Ukimya ule ulimkosesha Albano chakula.

Aliyemtoa kwenye majonzi ni mkewe, Demetria, anayekaanga vitumbua mbele ya nyumba yao. "Nilimwambia, baba, mie kila shimo la kikaango nalipaka mafuta kwanza," anasimulia mama huyo, huku akijizuia kucheka. "Wewe unakwaruza, halafu unashangaa kitu kimeganda?"

Mafuta ya kupikia aliyoyajaribu kwanza yaliharibu dawa, lakini nta ya sakafu ilikubali. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Aliyemrudisha Nassibu ni Rukaiya. "Kaniambia kosa moja haliachi mke, sembuse fundi," anasema Nassibu. "Kaongeza kwamba makosa yangu mie yeye kaacha kuyahesabu."

Dashibodi ilishazibwa vizuri. Sasa nta imetosha. Albano anatandaza faiba harakaharaka, kwa kuwa joto likipanda dawa huganda ndani ya kopo. Kisha jua linaachiwa lifanye kazi yake.

Adhuhuri unafika wakati wa kuvuta. Albano anafuta mikono, anarudi nyuma.

"Vuta wewe, Nassibu. Mie naogopa."

Nassibu anasema bismillahi, anashika kingo kwa mikono miwili, anavuta. Ganda linatoka mara moja, kwa wepesi ambao hakuutarajia, na dereva anaangukia nje ya gari chali, ganda kifuani. Dashibodi haina hata mkwaruzo. Albano anacheka mpaka machozi yanamtoka, na si yote ya kicheko.

Siku mbili baadaye, ganda likiwa limeshasuguliwa, limepakwa rangi nyeusi na kufungwa nyaya za kuchomeka, Nassibu alikwenda nalo nyumbani. Kesho yake asubuhi, Rukaiya mwenyewe alifika kwa fundi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mume karudi?"

"Karudi, Mungu akupe heri. Ila karudi na redio. Inalala katikati yetu, kaifunika na shuka."

Albano hakucheka. Alichukua futi yake. Wazo lilikuwa limeshamjia: kila mteja wa teksi atatengenezewa na kikalio cha faiba cha kupachika ukutani na kuchomekea ganda, redio ikitoka garini iimbe nyumbani. Akipata madereva kumi wa namna hiyo, anasema, atapaka jina lake ukutani na kumpumzisha Demetria na moshi wa asubuhi.

"Kwenu nikipachike wapi?" alimuuliza Rukaiya.

"Popote, fundi," alijibu. "Mradi kiwe chumba kingine."