Mkono wa Mwalimu wa Kwaya

"Mkono wangu hautetemeki, mama watoto!"

"Unatetemeka, Mwalimu, na sauti zetu zinatetemeka nao."

Mwalimu wa kwaya yetu hapa Ifakara alikuwa akibishana na mkewe, anayeimba sauti ya kwanza, mbele yetu sote mazoezini. Jumapili hii tunashindana na kwaya za Mchombe na Malinyi, na viongozi wa kigango chetu cha kanisa wamesema tukishindwa tena watatafuta mwalimu mwingine.

Tangu augue, mkono wake wa kulia hautulii. Sisi ametufundisha kuufuata hata ukikosea, basi noti ndefu ikatoka kama ya watu wenye homa.

Tangu niache shule nasikiliza sana redio. Nilisikia kwamba Ulaya kuna mtu analipwa mshahara kwa kupunga mikono tu mbele ya wapiga vyombo. Nilipowasimulia nyumbani, walicheka. Wangekuwa nasi siku ile wasingecheka.

Mwalimu aliuficha mkono mfukoni, akachukua kofia yake. Tulidhani ndiyo anatuacha. Mlangoni akageuka.

"Jumapili msiangalie mkono. Niangalieni usoni. Na wewe, mama watoto, simama mbele nikuone."