Insha ya Mfano ya Mwalimu Glenys

Mwalimu mwenzangu Glenys Trewin amezeekea hapa mjini Bendigo, Australia, akifundisha kulinganisha utenzi wa kale na riwaya ya nchi ya kubuni inayotawaliwa kimabavu. Mada ya vitabu vyote viwili, anasema, ni mtu kukataa kuamriwa. Basi huandika insha ya mfano ubaoni, na darasa zima huikariri kwa ajili ya mtihani. Watoto watiifu hao, utawapenda!

Mwaka huu mwanafunzi wake mmoja, Tahlia, akaandika yake mwenyewe, eti shujaa wa utenzi naye alikuwa akitumwatumwa tu na miungu.

"Haya umeyatoa wapi?" Glenys akafoka.

"Nimesoma vitabu vyenyewe, mwalimu."

"Nani kakutuma? Kaa chini, nakili yaliyo ubaoni: 'Mtu huru hutumia akili yake mwenyewe.' Na usibadilishe hata nukta!"